Akiba ya Leo, Pengo la Miaka Mitano

Ndugu mwenyekiti, wanahisa wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Nianze na tarehe mbili. Tarehe 1 Agosti 2024 kampuni ya Intel ya Marekani, inayotengeneza chipu za kompyuta, ilitangaza kwamba robo moja ya mwaka imeiachia hasara ya dola bilioni 1.6. Kesho yake hisa ilianguka kwa asilimia 26. Tangu 1974 kampuni hiyo haikuwa imepata anguko la siku moja kubwa kama hilo. Tarehe 31 Oktoba, mwaka huohuo, ikaja taarifa ya robo iliyofuata: hasara ya dola bilioni 16.6, kubwa kuliko zote katika historia yake. Mara kumi ya ile ya kwanza. Kesho yake hisa ikapanda.

Mmoja wenu alinipigia simu siku ile ya pili akaniuliza kama soko limerukwa na akili. Nilimjibu ovyo, nilikuwa na haraka. Leo mmenipa nusu saa, kwa hiyo nitajaribu kulipa deni lake mbele ya mashahidi.

Tuifungue kwanza ile bilioni 16.6. Ndani yake mlikuwa na bilioni 15.9 za kushusha thamani ya vitu vitabuni. Bilioni 9.9 kati ya hizo zilikuwa nafuu ya kodi ambayo Intel ilitarajia kuitumia siku za usoni, ikalazimika kukiri kwamba faida ya kuitumia nafuu hiyo huenda isipatikane. Bilioni 2.9 zilikuwa thamani ya ziada iliyoandikwa wakati wa kununua kampuni nyingine, hasa Mobileye, ya teknolojia ya magari. Bilioni 3.1 zilikuwa mashine za kizazi cha zamani, ambazo vitabu vilidai bado zina uhai mrefu. Hakuna mtu aliyebeba sanduku la noti na kutoka nalo mlangoni. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kuondoka miaka ya nyuma. Oktoba waliandika tu kwamba zimeondoka. Zile za kweli, za taslimu, zilikuwa sehemu kubwa ya bilioni 2.8 nyingine, gharama za kupanga upya kampuni na kuwalipa watu wanaoachishwa kazi.

Hapo kwenye mashine nisimame kidogo, maana ni mahali ninapopenda kuwashika wahasibu wenzangu. Kuanzia Januari 2023 Intel ilibadilisha hesabu ya uchakavu: mashine zilizokuwa zikihesabiwa kuishi miaka 5 zikaanza kuhesabiwa kuishi miaka 8. Ni halali, na ilielezwa wazi. Matokeo yake gharama ya kila mwaka ilipungua kwenye karatasi na hesabu zikapendeza. Haikupita hata miaka miwili, hao hao wakaandika bilioni 3.1 kwa sababu baadhi ya mashine hazikuwa na uhai huo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona kampuni yenye shida inarefusha umri wa mashine zake, usiogope, ila weka alama kwenye ukurasa huo.

Sasa turudi Agosti. Bilioni 1.6 kwa kampuni ile si kitu cha kuua. Kilichoua ni yale yaliyotangazwa pamoja nayo: zaidi ya watu 15,000 kuondolewa, asilimia 15 ya wafanyakazi, dola bilioni 10 kubanwa kwenye matumizi ya mwaka 2025, na gawio kusimamishwa. Gawio hilo lilikuwa halijakosekana tangu 1992. Februari 2023 lilishushwa kutoka senti 36.5 hadi 12.5 kwa robo, tukaambiwa huko ndiko kujipanga. Mwaka mmoja na nusu baadaye likafika sufuri. Soko halikuadhibu hasara. Liliadhibu kugundua kwamba waliokuwa wakisema mambo yako sawa hawakuwa wakijua, au walikuwa wakijua.

Kwa nini hasara za watengenezaji chipu huwa ndefu namna hii? Kwa sababu kiwanda cha chipu hakifanani na chumba cha mafundi cherehani, ambako kazi ikipungua unafunika mashine na kuwaambia watu wapumzike. Machi 2021 Intel ilipotangaza viwanda viwili vipya Arizona, ilitaja dola bilioni 20. Januari 2022 ikataja bilioni 20 nyingine kwa ajili ya Ohio. Humo ndani huingia mashine za ASML ya Uholanzi, zinazochora mistari kwa miale ya urujuanimno iliyokithiri, na moja tu bei yake inapita dola milioni 100. Mashine hiyo inachakaa vitabuni iwe inachora au imelala. Kiwanda kikipata nusu ya kazi, gharama haishuki nusu, inabaki palepale, na kila chipu inayotoka inabeba mzigo wa mwenzake ambaye hakutoka. Mapato ya Intel yalikuwa dola bilioni 79 mwaka 2021. Mwaka 2024 yalikuwa bilioni 53.1. Kitengo chake cha viwanda kilipoteza bilioni 7 mwaka 2023, na zaidi ya bilioni 13 mwaka uliofuata. Mwaka mzima wa 2024 kampuni ikafunga na hasara ya bilioni 18.8, hasara ya kwanza ya mwaka mzima tangu 1986.

Hayo mnayajua, au mngeyajua mkisoma magazeti. Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: akiba na madhara yake havifiki siku moja. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, inayouzwa leo iliamuliwa miaka minne au mitano iliyopita. Ukimwachisha kazi mhandisi leo, mshahara wake unakoma baada ya miezi michache, na mtendaji mkuu anausoma mbele ya wachambuzi kama ushindi. Kile ambacho mhandisi yule angekichora hakiandikwi popote. Mizania haina mstari wa vitu ambavyo havikuzaliwa. Pengo litaonekana mwaka wa tano, mteja atakapokuja kuulizia bidhaa na kuambiwa hatunayo. Na huenda aliyefyeka keshachukua marupurupu yake na anacheza na wajukuu.

Mfano ninaoupenda, au tuseme unaoniuma, ni wa AMD, mshindani wa Intel. Mwaka 2006 AMD iliinunua ATI ya Canada, iliyotengeneza chipu za michoro, kwa dola bilioni 5.4. Mwaka uliofuata ikapoteza zaidi ya bilioni 3. Mwaka 2008 ikapoteza tena takriban bilioni 3.1. Maji yalikuwa yamezidi unga, wanahisa walikuwa wakali, na kila kilichoweza kuuzwa kilitafutiwa mnunuzi. Ndani ya ATI mlikuwamo kikundi kilichotengeneza chipu za michoro za simu za mkononi. Kwa wakati ule simu zilikuwa simu, nani alikuwa na haja ya michoro ya maana kwenye simu? Januari 2009 kikundi kile kikauzwa kwa Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, kwa dola milioni 65.

Pigeni hesabu. Kwa kasi ya hasara ya mwaka uliotangulia, milioni 65 zilitosha kuishi siku zipatazo 8. Siku 8! iPhone ilikuwa sokoni tayari, simu za Android zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na biashara ya michoro ya simu ikatolewa kwa bei ya wiki moja ya kupumua. Qualcomm iliipa jina Adreno. Panga upya herufi za Radeon, jina la kadi za michoro za AMD wenyewe, utaipata Adreno. Ipo ndani ya mamilioni kwa mamilioni ya simu. Na robo ile hakuna mwanahisa aliyelalamika, kwa sababu kwenye karatasi ilionekana kama kufagia uwanja.

Lakini kampuni hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2009, ilikata kitu kikubwa zaidi na ikapona. Ilijitenga na viwanda vyake. Mwanzilishi wake, Jerry Sanders, ndiye anayenukuliwa akisema kwamba mwanamume wa kweli ana kiwanda chake. Na sasa viwanda vikaenda kwa kampuni mpya, GlobalFoundries, kwa fedha za Abu Dhabi. Wengi waliita aibu. Mimi naiita kuutua mzigo ambao mabega yalikuwa hayauwezi tena, kazi ya kubuni ikabaki nyumbani.

Kisha yakaja yale ya 2012. Agosti mwaka ule AMD ilimrudisha Jim Keller, mbunifu wa prosesa, kuongoza kazi ya kubuni upya kutoka chini kabisa. Oktoba ikatangaza kupunguza asilimia 15 ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata iliuza majengo yake ya Austin kwa dola milioni 164 na kuendelea kukaa humohumo kama mpangaji. Mtu anauza nyumba na kupanga chumba ndani yake! Bajeti ya utafiti na maendeleo ilishuka kutoka takriban dola bilioni 1.45 mwaka 2011 hadi milioni 947 mwaka 2015, yaani zaidi ya theluthi moja. Ukisoma namba hizo peke yake unasema hawa wamekula mbegu. Nilisema hivyo. Nakiri mbele yenu kwamba mwaka 2015, hisa ilipokuwa chini ya dola 2, mimi niliiandikia AMD rambirambi.

Nilichokosa kukiangalia ni mahali kisu kilipopita. Mwaka huohuo walifunga SeaMicro, biashara ya seva waliyoinunua 2012 kwa zaidi ya dola milioni 300. Bidhaa za bei ya chini wakaziacha zijifie. Kazi moja ilibaki bila kuguswa, mradi wa Zen, ule ubunifu mpya wa prosesa alioletewa Keller. Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, alipunguza asilimia 7 ya watu mwezi huohuo alioingia, na bado Zen haikuguswa. Machi 2017 Ryzen, prosesa zilizozaliwa na Zen, zikaingia sokoni. Vyaelea vimeundwa: miaka mitano ya hasara ilikuwa miaka mitano ya kuunda, ila huwezi kuyaona hayo kwenye mstari wa mwisho wa hesabu. Robo ileile ya 2024 ambayo Intel iliandika bilioni 16.6, mapato ya AMD kwenye chipu za vituo vya data yalifika bilioni 3.5, yakapita ya Intel yaliyokuwa bilioni 3.3. Ukimwambia mtu hilo mwaka 2015 angekupima homa.

Mtaniambia: basi sheria ni kwamba usiguse utafiti. Ingekuwa rahisi hivyo ningewaandikia ujumbe wa simu na kubaki nyumbani. Mwaka 1985 Intel ilikata kitu kilichoizaa. Ilianzishwa 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore kwa ajili ya chipu za kumbukumbu, na Wajapani wakawa wanaitoa sokoni kwa bei na ubora. Andy Grove, kiongozi mwenzake, alimuuliza Moore: tukifukuzwa, na bodi ikaleta mtu mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba mtu huyo ataachana na kumbukumbu. Wakaachana nazo wenyewe. Mwaka uliofuata hasara ilikuwa dola milioni 173. Walikata kilichopendwa, na wakabaki na prosesa, iliyokuwa mtoto wa pembeni. Kwa hiyo ukubwa wa kilichokatwa hauwezi kukuongoza, wala mapenzi ya watu kwacho. Swali ni moja tu na ni chungu: kitu hiki, kikiachwa hai, kingeuza nini mwaka wa tano?

Na sisi je? Tumekaa hapa tukiwanyooshea vidole watendaji. Mwaka 2012 Intel ilikubali kuweka zaidi ya dola bilioni 4 ndani ya ASML ili mashine za ile miale zifike mapema. TSMC ya Taiwan, inayotengenezea kampuni nyingine chipu, ilizitumia kwa uzalishaji mkubwa mwaka 2019. Intel, iliyosaidia kulipia utafiti wake, iliuza chipu za kwanza zilizotengenezwa nazo mwaka 2023. Katikati hapo, kati ya 2018 na 2020, Intel ilitumia zaidi ya dola bilioni 35 kununua hisa zake yenyewe. Nani alipiga makofi? Sisi. Tulipenda hisa ipande. Simtetei mkurugenzi yeyote, ila mwanahisa anayeuliza leo fedha za viwanda ziko wapi, ajipapase mfukoni kwanza.

Kuna jambo dogo nililicheka, kisha nikanyamaza. Katika kubana matumizi mwaka 2024, Intel iliwaondolea wafanyakazi kahawa na chai ya bure. Novemba ikavirudisha. Kampuni inayopoteza mabilioni ilikuwa imekaa kikao kuhusu kikombe. Ubaya wa kikombe ni kwamba kila mtu anakiona. Mwaka huohuo ilifungua mlango wa kuondoka kwa hiari kwa malipo. Anayepita mlango huo wa kwanza ni nani? Ni yule anayejua kwamba kwa jirani anangojwa. Idadi ya wanaoondoka unaipanga wewe, majina yao wanayapanga wenyewe. Mwisho wa 2022 Intel ilikuwa na wafanyakazi wapatao 131,900. Lengo la mwisho wa 2025 lilikuwa takriban 75,000 kwa kampuni yenyewe, bila kampuni tanzu. Nikiuliza swali moja tu kwenye mkutano wa wanahisa, ningeuliza wangapi kati ya walioondoka walikuwa watu ambao meneja alilia kuwapoteza.

Lip-Bu Tan alichukua uongozi wa Intel Machi 2025. Julai akatangaza hasara ya bilioni 2.9, robo ya sita mfululizo, akafuta kiwanda cha Magdeburg kule Ujerumani na kile cha Wrocław kule Poland, na kupunguza tena mwendo wa Ohio. Aliwaambia wafanyakazi kwamba fedha za kujenga kwanza na kutafuta mteja wa kutengenezewa chipu baadaye zimekwisha. Kwa hilo mimi niko upande wake. Kiwanda kitupu kinakula usiku na mchana, na Ujerumani hakukuwa na mteja aliyesimama mlangoni.

Kinachoninyima usingizi ni sentensi moja iliyokuwa kwenye nyaraka za robo ileile. Ilisema kwamba kizazi cha utengenezaji kinachoitwa 14A, kisipopata mteja mkubwa wa nje, kinaweza kusitishwa au kuachwa kabisa. Jiwekeni kwenye viatu vya mteja huyo. Anatakiwa akabidhi bidhaa yake ya miaka mitano ijayo kwa kiwanda ambacho chenyewe kimesema huenda kisiwepo. Mteja anangoja kuona kama Intel itajenga, Intel inangoja kuona kama mteja atakuja. Ni ukweli uliosemwa kwa uaminifu, na wenyewe ukawa sehemu ya tatizo.

Kisha wageni wakaingia. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilizigeuza ruzuku ilizoiahidi Intel kuwa hisa: dola bilioni 8.9, kwa dola 20.47 kila hisa, chini ya bei ya soko ya siku ile, ikapata karibu asilimia 10 ya kampuni. SoftBank, wawekezaji wa Japani, ikaja na bilioni 2 kwa dola 23. Nvidia, kampuni ya chipu ya Marekani, ikaahidi bilioni 5 kwa dola 23.28. Fedha zilihitajika, sikatai. Lakini hisa mpya zikitolewa, fungu la kila mwenye hisa za zamani linapungua bila yeye kuuza hata moja. Oktoba ikaja faida ya bilioni 4.1 na simu yangu ikajaa pongezi. Robo hiyo Intel ilikuwa imekamilisha kuuza asilimia 51 ya Altera, kampuni yake tanzu ya chipu, kwa bei inayoithamini kampuni hiyo nzima bilioni 8.75, ilhali Intel yenyewe iliinunua 2015 kwa bilioni 16.7. Na kitengo cha viwanda, robo hiyohiyo ya pongezi, kilipoteza bilioni 2.3.

Naomba pia tusichanganye uhai wa kampuni na uhai wa hisa zetu. Elpida ya Japani, iliyotengeneza kumbukumbu, iliomba ulinzi wa mahakama Februari 2012 ikiwa na madeni ya zaidi ya yeni bilioni 400. Micron iliichukua 2013. Kiwanda cha Hiroshima kiliendelea kufanya kazi, wahandisi waliendelea kwenda kazini, na wanahisa wa zamani hawakupata kitu. Wolfspeed, mtengenezaji wa chipu wa Marekani, ilifanya safari kama hiyo Juni 2025; ilitoka mahakamani Septemba, na waliokuwa wanahisa wakaachiwa kati ya asilimia 3 na 5 ya kampuni mpya. Anayekwambia kwamba kampuni fulani haiwezi kuachwa ife kwa sababu nchi inaihitaji, mwitikie kwa adabu, kisha umuulize kama nchi inakuhitaji na wewe.

Yule aliyenipigia simu yupo hapa, amekaa safu ya tatu na ananitazama kwa jicho la mtu anayesubiri kuambiwa auze au ashike. Sitamwambia, na sheria hainiruhusu. Nimempa kazi badala yake. Ripoti ijayo ikitoka, auruke ukurasa wa kwanza na namba yake kubwa. Atafute fedha za utafiti na maendeleo, aziweke kando ya zile za mwaka uliopita, kisha asome maelezo ya chini kuona ni mradi gani umefungwa na ulikuwa utoe nini, na lini. Atafute kama 14A imepata mteja mwenye jina. Halafu anipigie.

Safari hii nitakuwa na muda. Asanteni, nipo tayari kwa maswali.